Maswali ya Wasomaji: Sensa ya Upepo Inasema Mengi Kuliko Upepo

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi jinsi sensa za upepo wa matairi, yaani vifaa vidogo vinavyopima presha na joto la kila tairi na kutuma habari kwenye skrini ya dereva, zinavyosaidia malori kuokoa mafuta na kuepuka kupasua matairi njiani. Barua zilizofuata zimekuja na swali moja kwa sura nyingi: zaidi ya hayo mawili, kuna nini kingine? Kipo, na kwa maoni yetu hicho kingine ndicho kikubwa. Presha tumezitaja kwa psi (paundi kwa inchi ya mraba) kwa kuwa geji nyingi za karakana husoma hivyo. Anayetumia bar agawe kwa 14.5.

*Nina malori kumi na manne, kila moja na trela la ekseli tatu. Muuzaji wa sensa ananipigia hesabu ya mafuta tu, na mafuta peke yake hayanishawishi. Kuna faida gani nyingine inayoshikika?* (Mmiliki wa malori)

Hesabu ya mafuta ni ya kweli lakini ni ndogo, na hatutaki kuipamba. Upungufu wa psi 10 kwenye matairi yote huongeza matumizi ya mafuta kwa kati ya nusu asilimia na asilimia moja. Lori linalokunywa lita 30,000 kwa mwaka litapoteza lita 150 hadi 300. Usiidharau, ila usiifanye kuwa sababu yako ya kununua.

Anza upya hesabu yako kwenye matairi pacha, yaani mawili yaliyofungwa pamoja upande mmoja wa ekseli. Chukua tairi la 295/80R22.5 lenye namba 152/148 ubavuni. Namba ya kwanza inamaanisha tairi hilo linabeba kilo 3,550 likifungwa peke yake. Ya pili inamaanisha kilo 3,150 kwa kila moja yakifungwa mawili mawili. Sasa la ndani likanyage msumari na upepo uanze kutoka kidogo kidogo. Dereva hasikii chochote. Usukani hauvuti, gari halilali upande, kwa sababu mwenzake wa nje amebeba mzigo wa wote wawili. Tairi lililotengenezwa kwa kilo 3,150 linaweza kujikuta limebeba kilo 6,300. Linachemka. Lile lisilo na upepo nalo linajikunja kila mzunguko, linasuguana ubavu kwa ubavu na mwenzake, na joto linazidi pande zote mbili. Mwisho wa safari unakuta pancha moja iliyokuwa ya kuzibwa kwa nusu saa imekula matairi mawili, na hapo umepona, maana joto la namna hiyo ndilo linalowasha moto kwenye matairi. Sensa ingeona hali hiyo psi 10 za kwanza zilipotoka.

Pacha zikitofautiana kwa zaidi ya psi 5 tayari hazigawani mzigo sawasawa, hata kama hakuna pancha. Lile lenye upepo mdogo linakuwa na kipenyo kidogo, na kwa kuwa yote mawili yamefungwa kwenye habu moja (sehemu ya kati inayoshika magurudumu) yanalazimika kuzunguka sawa. Dogo linaburuzwa lami nzima. Ukiona tairi moja la pacha linakwisha meno upesi na kwa mabaka mabaka, kabla hujamlaumu aliyekuuzia angalia kumbukumbu ya presha ya wiki zilizopita.

Kisha kuna mwili wa tairi, yaani kile kinachobaki meno yakiisha. Kwa lori, huo ndio mtaji. Tairi lililotunzwa linaweza kuvikwa meno mapya mara mbili, wakati mwingine tatu. Lililotembea na upepo mdogo kwa muda mrefu litakataliwa na kiwanda cha kuvika, kwa sababu nyuzi za chuma za ubavuni zimechoka na tabaka za ndani zimeanza kuachana. Ukiandika ni matairi mangapi yalikataliwa kabla ya sensa na mangapi baada yake, utapata namba inayokugusa mfukoni zaidi ya ile ya mafuta.

La mwisho ni muda. Kichwa, yaani lori linalovuta, chenye matairi kumi na trela lenye kumi na mawili ni matairi 22. Dakika moja kwa kila tairi ni dakika 22 kila asubuhi, na matairi ya ndani hayafikiki kwa dakika moja. Ndiyo maana kazi hiyo huishia kwenye kugonga kwa rungu, na rungu halitofautishi psi 110 na psi 85. Linakuambia tu kama tairi lina upepo au limekufa.

*Gurudumu la kushoto la ekseli ya kati ya trela linaonyesha nyuzi 78, mengine yako kati ya 55 na 60. Presha yake haijashuka. Dereva anasema sensa imeharibika. Tuibadilishe?* (Mkuu wa karakana)

Msibadilishe bado. Tazameni kwanza presha ya gurudumu hilo hilo. Hewa iliyofungiwa ikipata joto presha hupanda, na hesabu yake inajulikana: tairi lililojazwa psi 110 kwenye nyuzi 25 litasoma karibu 124 likifika nyuzi 58, na karibu 132 likifika 78. Kwa hiyo kama gurudumu lenu liko psi 8 hivi juu ya wenzake, sensa inasema kweli na hewa iliyomo ndani ni ya moto. Kama joto limepanda lakini presha iko sawasawa kabisa na ya wengine, hapo ndipo mnaweza kuishuku sensa.

Gurudumu moja lenye joto peke yake, huku presha ikiwa haijapungua, kwa kawaida halilalamikii upepo. Linalalamikia breki au beringi. Joto la drami, yaani duara la chuma linaloshikwa na viatu vya breki, hupita kwenye rimu na kuingia kwenye hewa ya tairi, na sensa ya ndani huliona. Kwa breki, sababu za kawaida ni slaki (mkono unaorekebisha nafasi ya breki) iliyokwama, kemu (mhimili unaosukuma viatu vya breki) iliyokauka grisi na hairudi vizuri, springi ya kurudishia viatu iliyokatika, au chemba (kikopo cha upepo kinachoendesha breki) ambayo breki yake ya kuegeshea haiachii yote kwa sababu upepo wa breki unavuja. Kwa beringi, ni grisi iliyokwisha, sili iliyopasuka, au nati iliyokazwa kupita kiasi mara ya mwisho habu ilipofunguliwa.

Njia ya kutofautisha ni fupi. Simamisha gari mahali tambarare, weka vizuizi kwenye magurudumu, pima drami na kitovu cha habu kwa kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali, upande wa kushoto na wa kulia. Drami ikiwa ya moto kuliko kitovu, ni breki. Kitovu kikiwa cha moto kuliko drami, ni beringi, na gari hilo lisiondoke hapo kwa magurudumu yake. Halafu inua ekseli, achia breki, zungusha gurudumu kwa mkono. Linalokwaruza au kugoma litajionyesha. Tafadhali msimwagie maji drami ya moto. Chuma cha kusubu hupasuka kikipozwa ghafla.

Tunashauri mlinganishe kushoto na kulia kwenye ekseli moja, badala ya kungoja kengele ya joto ambayo mara nyingi huwekwa nyuzi 80 au 90. Tofauti ya nyuzi 15 hadi 20 inayodumu safari mbili tatu inatosha kulipeleka gari karakana. Upande uliokaa juani, au gurudumu lililo karibu na ekzosi, litatofautiana kidogo, ila tofauti ya jua hupungua gari likishatembea.

Na jambo ambalo wengi hawalitazami: gurudumu la baridi. Baada ya kushuka mteremko mrefu magurudumu yote yanapaswa kuwa yamepanda joto. Moja likibaki baridi, breki yake haifanyi kazi, na zile nyingine zinabeba sehemu yake. Hakuna kengele itakayolia kwa ajili ya hilo. Ni lazima mtu asome.

Tahadhari moja. Joto huchukua dakika kadhaa kutoka kwenye drami hadi kwenye hewa ya tairi, na beringi inaweza kuharibika upesi kuliko hapo. Ukaguzi wa habu kwa ratiba unabaki pale pale.

*Asubuhi tunaanza na psi 110, mchana skrini inasoma 127. Kengele ya presha kubwa inalia na wenzangu hupunguza upepo. Ni sahihi?* (Dereva wa trela)

Hapana, na waambie waache leo. Psi 110 kwenye nyuzi 25 asubuhi inakuwa 127 tairi likifika nyuzi 65. Ni kawaida kabisa, na watengenezaji wa matairi wameliwazia hilo walipoandika presha ya baridi. Tairi likipunguzwa mchana hadi 110, kesho asubuhi litakuwa na psi 95 tu. Siku hiyo litajikunja zaidi, litapata joto zaidi, kengele italia tena, litapunguzwa tena. Hivyo ndivyo tairi zima linavyouawa na watu wanaodhani wanaliokoa.

Kosa liko kwenye mpangilio wa kifaa. Vipo vinavyolinganisha presha na joto na kuonyesha presha ambayo tairi lingekuwa nayo likiwa baridi. Chenu kikiwa na uwezo huo, uwasheni. Kama hakina, kengele ya juu iwekwe asilimia 25 juu ya presha ya baridi, si 10 au 15. Ya chini iwe na ngazi mbili: onyo la kwanza likishuka asilimia 10, na la pili, la kusimama, likishuka asilimia 20. Na presha ya baridi maana yake ni gari lililosimama saa tatu au zaidi. Kusimama kunywa maji hakuhesabiki.

Kuna faida iliyojificha hapa. Kengele inayolia bila sababu humfundisha dereva kuipuuza, na siku ya pancha ya kweli ataipuuza pia. Saa moja ya kupanga viwango vizuri ina thamani kuliko kununua kifaa cha bei zaidi.

*Je, sensa zinaweza kunijulisha lori likizidishiwa mzigo?* (Msimamizi wa usafirishaji)

Haziwezi. Wengi hudhani mzigo ukiongezwa presha inaruka, lakini tairi hujibu mzigo kwa kubonyea zaidi chini, na ujazo wa hewa iliyomo hubadilika kidogo mno. Lori tupu na lori lililojaa, yakiwa baridi, husoma karibu sawa.

Kinachoweza kuonekana ni matokeo baada ya mwendo. Ekseli moja ikiwa na joto kuliko nyingine safari nzima, au upande mmoja mzima ukiwa juu ya mwingine, huenda mzigo umepangwa vibaya au umehama. Ichukue kama sababu ya kwenda kupima kwenye mizani.

*Mimi ni fundi wa matairi. Naletewa tairi limelegea, naambiwa "ongeza upepo tu, tunawahi." Hizi sensa ni za mwenye gari na dereva. Mimi zinanifaa nini?* (Fundi wa matairi)

Kati ya wote walioandika, wewe ndiye zinayekufaa kwa njia nzito zaidi, kwa sababu kwako ni suala la uhai.

Tairi la lori lililotembea na asilimia 80 ya presha yake au chini ya hapo huhesabiwa limetembea bila upepo. Kwa tairi la psi 110, hiyo ni psi 88. Kwa macho linaweza kuonekana zima kabisa. Ndani ya ubavu, nyuzi za chuma zimekunjwa na kukunjuliwa mara maelfu, kama waya unaouvunja kwa kuupinda huku na huku. Ukilijaza tena, nyuzi zilizobaki zinashika kwa muda, kisha zinakatika moja baada ya nyingine kwa mstari, na ubavu unafunguka kama zipu. Inaweza kutokea wakati wa kujaza au dakika kadhaa baadaye. Nguvu yake huua.

Huko nyuma fundi alitegemea neno la dereva: "limelegea sasa hivi tu." Kumbukumbu ya sensa inakuambia lilishuka saa ngapi, hadi psi ngapi, na gari liliendelea kilomita ngapi likiwa hivyo. Omba kuiona kabla hujagusa bomba. Likiwa limetembea chini ya asilimia 80, halijazwi likiwa garini. Toa kiini cha vali, kile kipini cha ndani, upepo wote utoke kabla ya kulegeza nati za gurudumu. Kwa pacha, toa upepo wa yote mawili. Livue, likague ndani: mpira uliokunjamana au uliobadilika rangi ubavuni, unga wa mpira uliokusanyika, nyuzi zinazochungulia. Ukiridhika, lifunge kwenye rimu, lijaze hadi psi 20 kwanza, simama kando usikilize na uangalie. Mlio wa kukatika kwa nyuzi, uvimbe au mawimbi ubavuni maana yake ni kulitupa. Likipita, liingie kwenye kizimba cha chuma, ujaze kwa bomba refu lenye kishikio kinachojishika chenyewe kwenye vali, wewe ukiwa mbali na usawa wa ubavu.

Mwenye gari akikubishia, mwonyeshe namba kwenye skrini yake mwenyewe. Hapo mabishano huisha upesi.

*Sensa za kufunga juu ya vali au za ndani ya tairi? Na zile za tairi la ndani la pacha tunazifikiaje?* (Mkuu wa karakana)

Za juu ya vali hufungwa kwa dakika, bila kuvua tairi, na betri au sensa nzima hubadilishwa upesi. Kwa kampuni inayoanza au yenye magari ya kukodi, zinafaa. Udhaifu wake ni mitatu. Joto zinalosoma ni zaidi la hewa ya nje, kwa hiyo ile habari ya breki na beringi tuliyoieleza juu hupungua sana nguvu. Zinaibiwa na kugongwa. Na zinabonyeza kiini cha vali muda wote, hivyo kufungua upepo mpaka kwenye sensa: mpira wake mdogo wa kuzuia ukikauka au ukiingia mchanga, sensa yenyewe ndiyo inakuwa pancha. Baada ya kufunga, paka maji ya sabuni kila moja na usubiri nusu dakika. Zifungwe kwenye vali za chuma peke yake, maana vali ya mpira huyumba kwa uzito ule mwendo ukiwa mkubwa.

Kwenye tairi la ndani la pacha ndiko kwenye shida. Mabomba laini ya kurefushia vali ni chanzo kikubwa cha kuvuja, na ukining'iniza sensa mwishoni mwa bomba lisiloshikiliwa litachanika. Tumia la chuma gumu au lililosukwa kwa waya, lililofungwa kwa kishikio kwenye tundu la rimu. Kama hamko tayari kufanya hivyo vizuri, ni afadhali sensa ya ndani.

Ya ndani hufungwa kwenye vali au kwa mkanda wa chuma unaozunguka sehemu ya kati ya rimu, ile iliyo chini zaidi. Haiibiwi, inasoma joto la kweli, na betri nyingi hudumu miaka mitano hadi saba. Adui yake ni chuma cha fundi wa matairi. Weka alama ya rangi isiyofutika kwenye rimu mahali sensa ilipo, ili wakati wa kung'oa tairi chuma kianzie mbali nayo. Ifungwe wakati tairi linabadilishwa kwa sababu nyingine, usilipie kazi mara mbili. Ukijaza dawa ya maji ya kuziba pancha, jua kwamba inaweza kuziba kitundu cha sensa.

Usisahau spea. Tairi la akiba ndilo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo linalotakiwa likiwa na upepo siku mbaya kuliko zote.

*Tulipewa onyo la tairi la kulia nyuma, tukakuta lina upepo kamili. Kumbe lililoisha ni la kushoto mbele. Mfumo gani huu?* (Dereva)

Mfumo uko sawa. Matairi yalihamishwa na hakuna aliyeufahamisha. Kila sensa ina namba yake, na kifaa hukumbuka namba hiyo kuwa ya mahali fulani. Mkihamisha tairi, namba inahama nalo, picha ya skrini inabaki ya zamani. Kila baada ya kuhamisha, fundi aziandikishe upya, kisha athibitishe kwa kupunguza psi chache kwenye gurudumu moja na kutazama kama skrini inaonyesha gurudumu hilo hilo. Ni kazi ya dakika mbili ambayo mara nyingi hurukwa.

Kwa kampuni zinazobadilishana matrela kati ya vichwa, kipokezi kiwe kwenye trela lenyewe na kipeleke habari kwa kichwa chochote kitakachoungana nalo, au kiitume moja kwa moja ofisini. Vinginevyo dereva atasoma trela aliloliacha jana. Mawimbi ya sensa ni dhaifu na trela ni refu: ikiwa ekseli za mwisho hupotea kwenye skrini, ongeza kifaa cha kupokea na kurusha upya mawimbi chini ya trela, mbali na matangi na vyuma vipana.

Namba hizo za sensa zina faida nyingine. Mkiziandika pamoja na namba ya tairi, mnapata historia ya kila tairi popote lilipofungwa: kilomita, presha, joto, pancha. Ukilinganisha aina mbili za matairi kwa kumbukumbu hiyo, unalinganisha yaliyotunzwa sawa, na dai kwa mtengenezaji linakuwa na ushahidi. Vivyo hivyo kwa uvujaji. Tairi la lori hupoteza psi moja au mbili kwa mwezi bila kosa lolote. Linalopoteza psi 3 kwa wiki, kila wiki, lina kutu kwenye ukingo wa rimu, vali iliyolegea au msumari mwembamba, na linaweza kupangiwa siku ya karakana gari likiwa halina safari.

*Tunaibiwa matairi usiku. Sensa zinasaidia?* (Mlinzi mkuu wa yadi)

Kwa kiasi. Kifaa kinachopata umeme gari likiwa limezimwa, na kinachotuma habari ofisini, kitaona presha ikishuka ghafla au sensa ikipotea. Sensa nyingi hulala gari likisimama na kutuma kwa nafasi ndefu ili kuokoa betri, kwa hiyo muulizeni muuzaji ni baada ya dakika ngapi ukimya utaonekana. Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni namba ya sensa ya ndani: tairi lililobadilishwa kwa siri na kuwekewa chakavu linajulikana asubuhi, kwa sababu namba yake haipo kwenye orodha.

*Ni lazima kisheria?* (Msomaji)

Inategemea mahali. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 2019/2144 imeyataka malori, mabasi na matrela mazito yawe na sensa: aina mpya za magari kuanzia tarehe 6 Julai 2022, na kila gari jipya kuanzia tarehe 7 Julai 2024. Marekani, kanuni yao ya sensa za upepo inahusu magari yasiyozidi kilo 4,536, kwa hiyo malori makubwa hayamo. Anayenunua lori lililotumika aulize lilitoka kiwandani lini, kwani huenda sensa zimo tayari na hakuna aliyeziwasha.

*Matrela yetu mapya yanajijaza upepo yenyewe yakiwa njiani. Bado tunahitaji sensa?* (Mmiliki wa malori)

Mnahitaji, na labda zaidi ya wengine. Mfumo wa kujijaza huchukua upepo kwenye matangi ya gari na kuulisha tairi linalopungua. Ni mzuri, lakini unaficha ugonjwa. Tairi lenye msumari litaendelea kulishwa juma zima bila mtu kujua, kompresa ikifanya kazi ya ziada, hadi siku gari litakapolala mahali na asubuhi tairi likutwe chini. Taa ndogo ya mfumo huo hukuambia kwamba kuna tairi linalishwa. Haikuambii ni lipi, wala kwa kasi gani. Haupimi joto la kila gurudumu, kwa hiyo breki inayoshika hauioni. Na kwa kawaida haufiki kwenye kichwa, ambako matairi ya usukani yako, na hayo yakipasuka hayana pacha wa kuyabebea mzigo.

Kama fedha ni za kutosha nusu tu, anzeni na matairi mawili ya usukani na pacha za ndani za kichwa. Trela lifuate, na hadi hapo mwagizeni dereva aandike kila mara taa ya kujijaza inapowaka zaidi ya dakika 10 mfululizo. Gari likirudi yadini, zimeni mfumo, mpime kila tairi kwa geji, mrudie kupima baada ya saa 12. Yote yatashuka kiasi yakipoa; lililoshuka kuliko wenzake ndilo lenye tundu.